Kompyuta ya Rivdara Inachelewa Kuwaka

Rivdara, 19 Juni 2017

Kwa mdogo wangu Nekruz,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mama hajambo, ni goti tu. Aprikoti zimeanza kushika rangi upande wa jua. Mnara wa simu bado umekufa tangu maporomoko ya Mei na hakuna anayejua utatengenezwa lini, kwa hiyo itabidi uvumilie mwandiko wangu. Alifbek amekubali kubeba barua kila anaposhuka Khorog na jipu lake. Pale barabara ilipokatika anavuka kwa miguu na kupanda gari jingine, basi wewe nawe tumia karatasi ngumu. Barua yako ya mwisho ilifika kama kitambaa cha kufutia sahani.

Nakuandikia kuhusu kompyuta uliyotufungia hapa shuleni, ile ya kuangalia ziwa. Utaratibu wangu unaujua. Saa kumi na mbili asubuhi naiwasha kwa umeme wa sola, nasoma namba tano, naziandika kwenye daftari, naizima ili betri isiishe, kisha natoka kuwaambia watu kwamba ziwa limelala salama. Siku zote nikibonyeza kitufe kioo kinabaki cheusi dakika mbili hivi, halafu kinawaka na namba zipo. Jana kilibaki cheusi dakika nane. Leo nane tena. Nimehesabu kwa saa ya marehemu baba.

Namba zikishatokea hazina tatizo. Maji ni mita tatu na sentimita kumi na saba, na vipimo vinne vya ule ukuta wa barafu na mawe unaolizuia ziwa vyote vinasema sifuri, yaani ukuta haujasogea. Nimezinakili nyuma ya barua hii kwa ajili ya ofisi yenu. Lakini hizo dakika nane, Nekruz, zinanimaliza. Nakaa mbele ya kile kioo kama mtu anayesubiri daktari atoke chumba cha upasuaji. Nyumba sitini na tatu ziko chini ya ziwa lile, na hatuna namna nyingine ya kujua linafanya nini.

Sijamwambia mtu. Niambie cha kufanya.

Dada yako,
Savsan

*

Khorog, 22 Juni 2017

Dada Savsan,

Ya Ali Madad. Barua imefika, na jibini la mama limefika, ingawa Alifbek amelionja njiani bila aibu.

Usiogope. Kompyuta ile ina miaka saba. Ni kama farasi wa baba mdogo Mamadnazar, inasimama, inafikiri, halafu inaondoka kwa hiari yake. Wewe ni mwalimu wa hesabu, basi tuifanye kama hesabu.

Kioo kikiwa cheusi, kwanza sikiliza. Feni inazunguka? Weka sikio ubavuni uone kama diski inagonga au kukwaruza. Kisha bonyeza kitufe cha herufi kubwa kwenye kibodi. Kakiwaka kale kataa kake kadogo, ujue kompyuta iko macho. Kasipowaka, shida iko ndani zaidi. Baada ya hapo izime, uchomoe kila waya isipokuwa wa umeme na wa kioo: kipanya, printa, redio inayoongea na ziwa, vyote. Washa, hesabu dakika. Rudisha kimoja, washa, hesabu. Rudisha cha pili, hivyo hivyo. Vumbi la ndani ulipulize kwa pampu ya baiskeli, sio kwa mdomo, mate yanaharibu.

Niandikie kila kitu, hata unachoona hakina maana. Na umefanya vizuri kunyamaza. Davlatmand ni mwenyekiti mzuri lakini akisikia atazungusha king'ora kwanza ndipo aulize. Unakumbuka alivyotupandisha wote mlimani kwa ajili ya radi.

Hapa mkubwa wangu anadai jedwali la mwezi kabla ya tarehe thelathini, na unajua anavyochukia kuona nafasi tupu.

Mpe mama pole ya goti.

Mdogo wako,
Nekruz

*

Rivdara, 26 Juni 2017

Mdogo wangu,

Nimefanya yote. Feni inazunguka. Diski haigongi. Vumbi lilitoka la kutosha kupandia vitunguu. Kataa ka herufi kubwa kanawaka kila ninapobonyeza, na hilo, kusema kweli, ndilo lililonitisha kuliko yote. Nilikuwa nadhani imelala. Kumbe muda wote huo iko macho, inanisikia, ila haionyeshi kitu.

Nilipochomoa kila waya iliwaka kwa dakika moja na nusu. Nikarudisha kipanya, moja na nusu. Nikarudisha printa, hivyo hivyo. Nikarudisha redio ya ziwa, ikakaa nyeusi dakika kumi na nne. Ndiyo, kumi na nne. Tangu Ijumaa si nane tena.

Kwa hiyo ni redio. Na hapo imenibidi nikwambie jambo nililokuficha. Mwezi wa nne nilimwaga bakuli zima la shir-choy juu ya meza ile, na chumvi yake na siagi yake. Nyingine iliingia kwenye kibodi, nyingine ikateremka mpaka kwenye waya wa redio. Nilifuta, nikaanika, nikaona inafanya kazi. Ulipokuja Mei kukagua ukaniuliza kama kuna lolote, nikasema hakuna. Niliona aibu, mwalimu mzima kunywa chai juu ya kifaa cha kijiji. Tangu juzi silali vizuri. Watu hawa wakipatwa na jambo kwa sababu ya kifungua kinywa changu nitamtazama nani usoni?

Namba za wiki ziko nyuma ya karatasi. Ziko vilevile, nzuri.

Nisamehe.

Savsan

*

Khorog, 29 Juni 2017

Dada yangu,

Nimecheka mpaka mkubwa akatoka chumbani kwake kuuliza nimeona nini. Chai! Na mimi nilidhani unataka kuniambia umeiangusha ngazini. Sikiliza, kila anayetunza mashine ana chai yake aliyoimwaga akanyamaza. Usilie kwa ajili hiyo.

Lakini sasa tumempata mchawi wetu. Chumvi imekula waya, kompyuta inaiita redio, redio inasikia vibaya, inaitwa tena, na muda unakwenda. Nimekufungia waya mpya na redio nyingine kamili kwenye sanduku la viatu. Waya mwekundu juu, mweusi chini, kaza kwa mkono tu, usitumie koleo. Na usishawishike kuiwasha bila redio kwa kuwa inawaka haraka. Bila redio haiiti chochote wala haipati habari yoyote ya ziwa, itakuwa taa ya kupamba chumba.

Jedwali la mwezi limekwenda. Limejaa kila mstari, mkubwa ameridhika, na mimi jana nimelala mapema kwa uchovu. Nimenakili namba zako kama mashine, bila hata kuzitazama.

Ukishafunga niandikie dakika ni ngapi. Nasema mbili.

Nekruz

*

Rivdara, 3 Julai 2017

Nekruz,

Ni ishirini.

Nimefunga waya mpya na redio mpya, mwekundu juu, mweusi chini. Siku ya kwanza ilikuwa kumi na nne kama zamani. Toka jana ni ishirini. Nakaa pale na kioo kile kinanionyesha uso wangu tu na dirisha nyuma yangu, na naanza kufikiri mambo ambayo mtu mwenye akili hayafikiri.

Davlatmand amejua. Alipita asubuhi akanikuta bado gizani wakati wanafunzi wameshafika uani. Nikamweleza. Aliniuliza namba zikitokea zinasemaje, nikamwambia ni nzuri, akasema basi mwalimu unaogopa nini. Wanawake kisimani wanasema nimeivunja. Sijawabishia.

Mama amepanda malisho ya juu juzi na wenzake kumi na mmoja, na yaki wote, kwenda kukamua na kukausha mgando mpaka mwisho wa mwezi. Walikuja kuniuliza namba kabla ya kuondoka, kama ilivyo kawaida, nikawasomea, wakapanda wanaimba. Mama anasema mwaka huu njia ni rahisi. Mto umepungua sana, kwenye daraja unavuka bila kulowesha goti, na sisi tuna jua la kuchoma mkate. Baba mdogo Mamadnazar naye amepoteza yule farasi wake. Amesikia alionekana juu ya malisho, karibu na ukuta wa ziwa, anataka kwenda kumtafuta. Nimemsomea namba na yeye.

Hizi hapa tena kwa ajili ya ofisi: maji mita tatu na sentimita kumi na saba, ukuta sifuri, sifuri, sifuri, sifuri. Tangu huu ugonjwa wa kioo uanze hazijabadilika hata sentimita moja, siku kumi na sita sasa. Namshukuru Mungu kwa hilo. Angalau ziwa lina adabu kuliko kompyuta.

Niambie nifanye nini sasa. Sina pa kuuliza isipokuwa kwako.

Savsan

*

Khorog, 5 Julai 2017, saa sita mchana

Savsan,

Watoe watu. Ukisoma mstari huu simama, zungusha king'ora, wapande mteremko wa makaburini, wote, na wazee. Halafu ndipo usome yanayofuata.

Redio ni nzima. Chai yako haikuharibu kitu. Kosa ni langu.

Kompyuta inapowaka, kabla kioo hakijaonyesha chochote, inaviita vile vipimo vitano kwa redio, kimoja kimoja. Niliipanga mimi hivyo, ili mtu asiguse kitu kabla namba hazijaingia. Kipimo kisipojibu inakiita tena na tena kwa dakika sita, ndipo inakiacha na kuendelea na kingine. Dakika nane maana yake kimoja kimenyamaza. Kumi na nne ni viwili. Ishirini ni vitatu. Wewe ulikuwa unaniandikia hayo kila wiki na mimi nikakutumia waya.

Utauliza mbona namba zilikuwa zinatokea. Hapo ndipo nilipokuficha. Majira ya baridi mwaka juzi betri za vipimo ziliganda, jedwali likawa na nafasi tupu, mkubwa akanifokea mbele ya wageni. Nikaandika mistari michache kwenye programu: kipimo kisipojibu, weka namba ya jana. Nilisema nitaitoa baridi ikiisha. Nikasahau, Savsan. Sina neno jingine, nilisahau. Kwa hiyo mita tatu na kumi na saba ni maji ya tarehe kumi na saba Juni. Hujawahi kuyaona ya Julai. Na zile sifuri sijui ngapi zinatoka kwenye ukuta uliosimama na ngapi zimetoka kwenye vipimo vilivyokwisha anguka pamoja na barafu yake.

Maji ya ziwa la barafu kwenye jua kama hili hayakai palepale siku kumi na sita. Na mto haupungui wakati wa joto. Ukipungua maana yake maji yamezibiwa njia na yanajaa huko juu.

Nilipomweleza mkubwa alifungua jedwali lake akanionyesha. Akasema ziwa halijawahi kutulia hivi. Nikamwambia namba hizo nimezitengeneza mimi. Akaniambia niandike maelezo nisaini. Nimeandika. Sasa nakimbilia kwa watu wa uokoaji kuomba helikopta, na wao pia watataka karatasi. Nikishamaliza nakuja mwenyewe.

Usiwashe tena kompyuta. Ukiiwasha ukasubiri dakika ishirini na sita, kimebaki kimoja tu. Usikae kusubiri.

Mtoeni mama kule juu. Mzuieni baba mdogo.

Alifbek yuko mlangoni, hajazima gari.

Nekruz

*

Rivdara, 6 Julai 2017

Nekruz,

Ishirini na sita.

Nilikaa na daftari leo nikapanga dakika kama ninavyowapangia watoto ubaoni. Mbili. Nane. Kumi na nne. Ishirini. Ishirini na sita. Kila mara zinaongezeka sita, hazizidi, hazipungui. Waya uliooza hauozi kwa hesabu. Chai haiharibu kitu kwa dakika sita sita. Kuna mtu amepanga hivyo, na mtu huyo ni wewe. Mashine hii inamsubiri nani, Nekruz? Inaita nani asiyeitika?

Nilikwenda nayo daftari kwa Davlatmand. Nilimwambia naamini vile vipimo vinakufa na namba tunazosoma si za leo. Aliniuliza kama wewe umesema hivyo. Nikasema hujajibu bado. Akanitazama kwa huruma, na huruma yake iliniumiza kuliko kama angenigombeza.

"Mwalimu," akasema, "ni wewe uliyetufundisha kuamini namba. Namba zinasema tulale. Niwatoe wagonjwa nje kwa sababu kompyuta yako imepata usingizi?"

Kwa kweli alikuwa anarudia maneno yangu mwenyewe.

Baba mdogo amekwisha ondoka, jana alfajiri. Mimi napanda sasa hivi kwenda malisho kumchukua mama na wenzake. Ni mwendo wa siku nzima na zaidi. Barua hii namwachia Davlatmand ampe Alifbek. Naogopa, mdogo wangu. Nimevaa viatu vya marehemu baba kwa sababu vyangu vina matundu.

Kama nimekosea, watanicheka mpaka nizeeke. Naomba iwe hivyo.

Savsan

*

Barabara ya chini, ilipokatika, 10 Julai 2017

Dada Savsan,

Sijui naandika kwa nani.

Nipo hapa tangu jana. Barabara imeondoka yote, si pale palipokatika zamani tu, bali mpaka kwenye kona ya miti ya mipopla, na mipopla yenyewe haipo. Mto una rangi ya matofali. Jana ulipitisha mlango wa nyumba, mlango wa buluu, na sisi kwetu nusu ya kijiji ina milango ya buluu. Niliukimbilia ule mlango ukingoni kama mwendawazimu mpaka watu wakanishika.

Helikopta ilipita mara moja ikageuka kwa mawingu. Wanasema itajaribu tena. Hakuna anayejua lolote la Rivdara. Mzee mmoja wa hapa anasema aliona moshi mdogo mlimani upande wa makaburini, lakini macho yake hayafai, na nilipomuuliza mara ya pili akasema labda ni vumbi.

Alifbek aliondoka na barua yangu tarehe tano. Nimehesabu mara mia. Angelala njiani, angefika kwenu tarehe saba mchana. Maji yalipita hapa tarehe nane. Kama jipu halikuharibika. Kama alivuka vizuri. Kama ulikuwepo.

Kuna mwanamume anakwenda kwa njia ya mbuzi juu ya majabali kutafuta ndugu zake. Amekubali kubeba barua. Mimi amenikataa, anasema nimechoka, nitamwangukia. Kesho nitakwenda atake asitake.

Kama upo hai niandikie neno moja tu. Kama mama yupo, andika mawili.

Nekruz

*

Mteremko wa makaburini, Rivdara, 12 Julai 2017

Mdogo wangu Nekruz,

Nipo. Mama yupo.

Mtu wako amefika na barua, na kesho anarudi kwa njia ileile, kwa hiyo kaa hapo hapo umsubiri, usije ukapishana naye kwenye majabali. Nimeifunga pamoja na hii ile barua ya tarehe sita. Haikuondoka, maana Alifbek hakupata barabara ya kurudia. Nakueleza yote kwa utaratibu, ili usisikie vipande vipande kwa watu.

Nilifika malisho tarehe saba mchana. Mama alikuwa anakoroga maziwa kwenye sufuria kubwa, akashangaa kuniona na viatu vya baba. Aliniuliza namba zimesemaje. Nikamwambia nadhani namba zimekufa tangu Juni na sisi tulikuwa tunasoma za zamani. Hakuniuliza maswali. Wenzake ndio waliokataa, mgando ulikuwa nusu, yaki wametawanyika. Mama alikamata ile sufuria kwa mikono miwili akaimwaga yote chini mbele yao, maziwa ya siku tatu. Halafu akafunga kitambaa chake akaanza kupanda ubavu wa mlima, na goti lake lile. Hapo ndipo wakamfuata.

Tulilala kwenye mawe. Asubuhi ya tarehe nane kama saa tatu tulisikia mlio, na ardhi ikatingishika chini ya matako yetu. Sitaki kuandika ulivyokuwa. Malisho yalikuwepo, kisha yalikuwa maji meusi na vipande vya barafu vikubwa kuliko shule, kisha hayakuwepo. Yalipita chini yetu kwa muda mrefu sana. Mimi nilikuwa nafikiri sitini na tatu, sitini na tatu, zile nyumba, na kwamba nimewaacha wote kwa Davlatmand na yale maneno yake ya usingizi.

Tulishuka kwa njia ya juu siku mbili. Tulipofika makaburini tukakuta mahema ya mablanketi, na watu wote, Nekruz. Wote wa kijijini. Bibi wa nyumba ya mwisho ambaye hajatoka kitandani tangu mwaka jana alikuwepo, amebebwa kwenye mlango.

Ni barua yako. Alifbek alifika tarehe saba mchana, mimi sipo. Alimwambia Davlatmand kwamba ulikuwa unalia ulipompa, na kwamba hajawahi kukuona ukilia tangu mkiwa watoto. Davlatmand akaifungua. Akasoma mstari wa kwanza akazungusha king'ora. Watu walipokuja uani wakauliza kwa nini, namba za asubuhi mbona ni nzuri, wengine wakageuka kurudi majumbani. Ndipo akapanda kwenye ngazi ya shule akawasomea barua yote, kwa sauti, mpaka mwisho. Jedwali, mkubwa wako, baridi ya mwaka juzi, namba ya jana, nilisahau. Yote. Walikwenda kuchukua watoto wao na mablanketi.

Kwa hiyo wanajua. Nimeona nikwambie kabla hujafika. Nyumba arobaini na moja hazipo. Shule haipo. Wewe ndiye uliyewaondoa, na wewe ndiye uliyewafanya walale siku kumi na tisa chini ya ziwa lililojaa, na watu hapa wanabeba mambo hayo mawili pamoja na hawajui waweke wapi. Wengine wanakutaja, kisha wanageuza mazungumzo. Davlatmand jana alinijia, akakaa, akasema laiti angenisikiliza tarehe sita. Nikamwambia laiti na mimi ningejisikiliza Juni. Tukaishia hapo.

Baba mdogo Mamadnazar hajarudi.

Wanaume wamekwenda hadi pale njia inapokomea. Zaidi ya hapo hakuna njia wala hakuna pale. Alikwenda kwa sababu nilimsomea namba, Nekruz. Alikuwa amesimama mlangoni kwangu na kamba ya farasi begani, akauliza, "Limelala?" Nikasema limelala. Akanishukuru. Hilo ni langu, huwezi kunisaidia kulibeba, na usijaribu kuniandikia kwamba sikujua.

Jioni nilikwenda kwa mkewe, mama mdogo Bakhtibegim. Yuko na mama kwenye hema moja, anashona tundu la blanketi ambalo halina haja ya kushonwa. Nilimwambia umeandika. Nikataka kumsomea barua yako ya tarehe kumi, ile ya mlango wa buluu, nilidhani itamlainisha. Alinishika mkono kabla sijaifungua.

"Nimesomewa vya kutosha," akasema. "Nilisomewa namba, nikasomewa barua uani. Mwambie aje aseme."

Nilimuuliza aseme nini. Akarudi kwenye sindano yake.

Basi usiandike tena. Mtu huyu anayekuletea barua anaijua njia, na nimemwomba akubebe kama itabidi. Njoo kwa miguu mpaka huku juu, usianze na mama, usisimame kwangu, nenda moja kwa moja kwa mama mdogo. Hema lao ni la tatu kutoka ukuta wa makaburi. Nitakuwa nimekaa nje ya pazia, nitakusikia, lakini sitaingia.

Dada yako,
Savsan